Kabla ya kusema "jamii hii haitaki utafiti"

Majaribio ya dawa yakikosa wanawake, wazee au watu wa rangi na makabila fulani, maelezo huwa tayari mezani: "Hao hawatuamini." Kazi yangu ni kuwakutanisha watafiti na jamii, na kauli hiyo hunikera. Inamtwisha lawama mtu ambaye pengine hakuna aliyewahi kumwomba ashiriki.

Mwaka 2006 mtafiti David Wendler na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 20 zilizohusisha watu zaidi ya 70,000, wengi wao Wamarekani, wakilinganisha ni nani hukubali kushiriki anapoombwa. Tofauti kati ya makundi ya rangi na makabila zilikuwa ndogo mno.

Sisemi hofu haipo. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida. Mtu anayeuliza damu yake itapelekwa wapi na itakaa huko hadi lini ana haki zote za kuuliza. Na kuuliza si kukataa.

Mara nyingi kizuizi kimo ndani ya itifaki yenyewe, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti unaosema nani aingie na nani aachwe. Chukua neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Itifaki nyingi za dawa za saratani humtaka mshiriki awe na angalau 1,500 kwa kila mikrolita ya damu. Sasa, watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wamerithi chembe nyekundu zisizo na protini iitwayo Duffy. Urithi huo huwakinga na malaria ya vivax, lakini pia huendana na neutrofili chache, bila ugonjwa wowote. Mgonjwa wa namna hiyo anaenguliwa kwa idadi ambayo kwake ni ya kawaida kabisa. Hapo hata ufanye mikutano ya hadhara kila wiki, hujasaidia kitu.

Mengine yanajulikana: kliniki inayofungwa kabla watu hawajatoka kazini, nauli, fomu ya ridhaa yenye lugha ya wanasheria.

Ndiyo maana huomba kuisoma itifaki, pamoja na wawakilishi wa jamii, kabla haijapelekwa kwenye kamati ya maadili. Ikishapitishwa, kila badiliko linahitaji idhini upya. Bahati mbaya wengi hutuita wakiwa wameshapungukiwa na washiriki, wanachotaka ni tugawe vipeperushi.

Mfano ninaoupenda ni wa Los Angeles, uliochapishwa 2018: saluni za vinyozi 52, wanaume weusi 319 wenye shinikizo la damu. Katika kundi moja wafamasia waliwafuata wateja kwenye saluni na kuwaandikia dawa palepale, kwa makubaliano na madaktari wao. Katika kundi la pili vinyozi waliwahimiza wateja waende kwa daktari. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 27 katika kundi la kwanza, na 9.3 katika la pili. Wengi wakisikia habari hii hukimbilia kubandika matangazo saluni. Lakini kilichohamia pale ni tiba, mikononi mwa mtu aliyetambulishwa na kinyozi wanayemfahamu.

Kuna jambo linalosahaulika kuliko yote: kurudisha matokeo. Watu wametoa damu na muda wao, halafu kimya. Timu inayokuja baadaye ndiyo hupokewa kwa mashaka, nayo haina kosa. Watafiti warudi hata kama dawa imeshindwa, waeleze kilichoonekana kwa lugha ya kawaida. Fungu la safari hiyo nataka liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, kando ya nauli za washiriki, kwa sababu mradi ukishafungwa hakuna anayelipwa kurudi.