Siku 21 za kuzoea mazoezi zilitoka wapi?

Ukianza kukimbia alfajiri na kupunguza chipsi, hukosi wa kukwambia: vumilia siku 21, utazoea. Hesabu hiyo ilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kuwa wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Sura, jamani, si kukimbia! Na hilo “angalau” likadondoka njiani.

Na tabia je? Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia kwa wiki 12 watu 96 waliojaribu kuzoea tabia mpya ya kula, kunywa au mazoezi. Wastani wa kuzoea ulikuwa siku 66, makadirio ya kihesabu (yakivuka hata wiki hizo 12) yakianzia 18 hadi 254; mazoezi yalichelewa kuzoeleka kuliko kula na kunywa. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.