Mpigo wa umeme umekatika, utando wa seli bado uko wazi

Mpigo wa umeme tunaoutumia kufungua vitundu kwenye utando wa seli za mnyama (elektroporesheni) hudumu mikrosekunde 100 tu. Kuziba kwa utando ni suala la dakika, na seli nyingi hupotea katika dakika hizo.

Tuanze na hesabu. Kyuveti, yaani kichupa kidogo cha kuwekea seli, yenye elektrodi zilizoachana milimita 4, ukiiwekea volti 400, ina uga wa volti 1,000 kwa sentimita. Zidisha uga huo kwa 1.5, kisha kwa nusu kipenyo cha seli, tuseme mikromita 10. Jibu ni volti 1.5 kati ya ndani na nje ya utando, kwenye pande mbili zinazotazamana na elektrodi. Utando wenye unene wa nanomita 5 hivi hauhimili: maji hujipenyeza kati ya lipidi (mafuta yanayounda utando), vitundu vikafunguka.

Mpigo ukikoma, vitundu vikubwa hunywea upesi, na upitishaji umeme wa utando hushuka ndani ya milisekunde. Usidanganyike na kipimo hicho. Molekuli ndogo huendelea kupita kwa dakika kadhaa kwenye nyuzi 37, na kwa muda mrefu zaidi kwenye barafu, maana lipidi huwa nzito na ukarabati huzorota.

Ukarabati wenyewe huamshwa na kalsiamu inayoingia kutoka nje. Lisosomu, vifuko vya vimeng'enya ndani ya seli, hukimbilia ukingoni na kuungana na utando. Protini za ESCRT, kundi la protini zinazokata utando, humega sehemu iliyoharibika na kuitupa nje. Lakini kalsiamu ikizidi, pampu za kuitoa hula ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, mpaka inakwisha, na seli hufa. Wakati huohuo sodiamu na kloridi huingia, protini kubwa za ndani haziwezi kutoka, maji hufuata, seli huvimba na pengine kupasuka. Sukari ya sukrosi nje ya seli hupunguza uvimbe huo.

Kupima muda wa kuziba, gawa seli katika vichupa. Cha kwanza kitie rangi ya propidiamu ayodidi kabla ya mpigo. Vingine dakika 1, 3, 5, 10 na 20 baadaye. Kimoja kisipigwe kabisa. Rangi hii huingia tu kwenye seli ambayo utando wake uko wazi, na hung'aa nyekundu ikishika DNA. Pale idadi ya seli nyekundu inapoacha kushuka, zilizoweza kuziba zimeziba.

Kwa hiyo mimi huziacha zitulie kwenye nyuzi 37 kwa dakika 15, bila sentrifuji wala kuzivuta kwa nguvu na pipeti. Halafu hesabu tena baada ya saa 24, kwa sababu seli iliyoziba vizuri bado inaweza kufa usiku kwa kuishiwa ATP.