Usiniulize ukubwa wa ubongo, niulize jiwe lilitoka wapi

Kila nikizungumza na watu kuhusu chimbuko la binadamu, iwe Kisumu au hapa Nakuru ninakoishi, swali la kwanza huwa lilelile: ubongo wao ulikuwa mkubwa kiasi gani? Jibu lipo. Sokwe ana ubongo wa takriban sentimita za ujazo 400. Yule kijana wa Nariokotome, binadamu wa kale wa kando ya Ziwa Turkana ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, alikuwa na karibu 900. Wewe unayesoma hapa una kama 1,350. Ukizipanga namba hizo unapata ngazi nzuri ya kuchora ubaoni. Lakini mimi kazi yangu ni mawe, na mawe hayaifuati ngazi hiyo.

Chukua Nyayanga, kwenye Rasi ya Homa, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2023 Thomas Plummer na wenzake walitangaza kupatikana hapo kwa zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchunwa nyama. Palepale yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, kiumbe mwenye mataya mapana ambaye ubongo wake haukumzidi sana sokwe. Huenda siye aliyezitengeneza zana zile, lakini alikuwepo, na tangu hapo wengi wetu tumekuwa waangalifu kusema kwamba zana ni za jamaa wenye vichwa vikubwa peke yao.

Kinachonivutia zaidi ni mawe yenyewe. Mengi ya mawe ya karibu na Nyayanga ni laini. Ukiyapasua, makali yake hufa upesi. Utafiti uliotoka mwaka 2025 ulionyesha kwamba wachinjaji wale walitumia mawe magumu yaliyotolewa hadi kilomita 13 kutoka hapo. Kanjera Kusini, kwenye rasi hiyohiyo, miaka milioni 2 iliyopita, zaidi ya robo ya mawe yalitoka umbali wa kilomita 10 au zaidi.

Sokwe wa Afrika Magharibi nao hupasua njugu kwa mawe, na huyabeba pia. Ila kwa kawaida mti wa njugu hauko mbali, na njaa anayo tayari. Hakuna mtu anayebeba panga kilomita 13 bila kujua anakokwenda kuna cha kukata. Aliyebeba jiwe kuelekea Nyayanga ilibidi akumbuke lilipo, ajue lipi linashika makali, na alibebe kwa ajili ya mnyama ambaye hajamwona. Kwangu mimi huo ndio mwanzo wa akili yetu: kuhangaikia njaa ya kesho leo.

Sasa njoo Kariandusi, Gilgil, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru. Louis Leakey alianza kuchimba hapo mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka ya mkono yaliyotapakaa pale, yaani mawe yaliyochongwa makali na kushikwa bila mpini, yana umri wa kama miaka 700,000 hadi milioni moja, mengine ya jiwe la kawaida la volkano, mengine ya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Sisi tunaojaribu kuitengeneza obsidiani vidole vyetu havikosi plasta. Ukikosea pembe kidogo tu, shoka linakatika katikati.

Wageni wengi huyatazama kwa mbele, wakasifu umbo la chozi, wakapiga picha. Mimi huwaomba walitazame shoka kwa ubavu. Ukirefusha shoka mara mbili na kuacha uwiano wa upana na unene vilevile, uzito wake unakuwa mara nane, halishikiki tena. Watafiti Gowlett na Crompton waliyapima mashoka ya Kariandusi wakaona kwamba yale marefu ni membamba zaidi kwa kulinganisha na urefu wake. Fundi hakuwa ananakili umbo moja kichwani na kulikuza. Alijua kwamba kubwa lazima lipunguzwe unene, na kupunguza unene ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu kila kibanzi, yaani kipande chembamba kinachobanduliwa, kinabidi kitembee hadi katikati ya jiwe bila kulivunja. Jambo hilo ni vigumu kuamini kwamba mtu aligundua upya kila mara akiwa peke yake. Dietrich Stout na wenzake wamepima ubongo wa watu wa leo wanapogonga mawe, wakaona kwamba kutengeneza shoka la mkono kunaamsha zaidi sehemu za mbele za ubongo, zikiwemo zinazohusiana na mpangilio wa lugha, kuliko kubandua vibanzi tu.

Mtu wa Kisumu atanikatiza aseme kilichokuza ubongo ni samaki. Sibishi sana. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake, na mafuta ya samaki unayahitaji. Huko Koobi Fora, karibu miaka milioni 2 iliyopita, watu walikula samaki na kobe. Lakini chakula kinaeleza gharama ililipwa na nini, hakielezi kwa nini gharama hiyo ilikuwa na faida. Wanaosema ni moto na kupika nawajibu hivyohivyo.

Umbali nao haukupanda moja kwa moja. Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, watengenezaji wa mashoka walitumia zaidi mawe ya kilomita chache tu, maana yalikuwa tele. Halafu, kama miaka 320,000 iliyopita, inaonekana obsidiani iliyotoka kilomita 25 hadi 95, na mawe ya kutengenezea rangi nyekundu na nyeusi. Kilomita 95 ni kupita maeneo ya watu wengine, na naafikiana na wanaoona hapo dalili za kubadilishana vitu kati ya makundi. Fuvu za Jebel Irhoud, Moroko, za watu wa mwanzo wa aina yetu walioishi karibu wakati huohuo, zina ubongo unaokaribia wetu kwa ukubwa, lakini umbo lake bado ni refu kuelekea nyuma. Umbo hili la mviringo tulilo nalo lilikuja baadaye sana, wakati obsidiani ilikuwa imeshasafiri.