Albamu za laivu za roki: tunavyodanganyana na ilivyo kweli

Jumamosi moja tuko geto kwangu Sinza, umeme upo, sabufa ipo, nimeweka Live Killers, albamu ya laivu ya bendi ya Queen ya Uingereza, ile ya 1979. Ikafika Bohemian Rhapsody, mshikaji wangu akanyanyua kidole juu akasema oya sikia hapo, hizo sauti zote wanaimba laivu watu wanne tu, siku hizi nani anaweza? Nikacheka. Nikamwambia kaka, hapo hapo unaposifia ndo jukwaani hamna mtu.

Alinuna, ila ndo ilivyo. Kile kipande cha katikati chenye sauti nyingi nyingi kama kwaya kilirekodiwa studio 1975 na kilikula kama wiki tatu hivi, mwimbaji Freddie Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor wanaimba, wanarudia, wanapandisha sauti zao juu ya sauti zao wenyewe mpaka watatu wanasikika kama kanisa zima. Hiyo huwezi kuitoa jukwaani na wao hawakujifanya wanaweza, taa zinazimwa, jamaa wanatoka, kanda ya studio inachezwa kama ilivyo, gitaa zito likiingia wanarudi mbio wanaendelea. Kwa kimtaa chetu hiyo ni pleibeki, hamna jina lingine, tofauti tu ni kwamba wenzetu waliondoka kabisa, hawakusimama na maiki mdomoni kumzuga aliyelipa kiingilio.

Sasa tangu siku hiyo ubishi haujaisha, na nimegundua watu wengi tunaopenda roki ya zamani hapa Dar tumekariri vitu ambavyo sivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa navyo vingi tu.

"Laivu ni laivu, haijaguswa"

Hii ndo kubwa kuliko zote. Watu wanaamini albamu ya laivu ni ushahidi, yaani fundi mitambo kaweka maiki, kabonyeza kitufe, kesho yake ikaenda kiwandani. Hapana aisee. Kila chombo kinarekodiwa kwenye njia yake, besi njia yake, gitaa njia yake, sauti yake, halafu kanda zinapelekwa studio, na zikishafika huko mtu akiona aliimba vibaya anaweza kuimba upya, akaifuta ile ya jukwaani, na wewe nyumbani hutajua.

Eagles Live ya 1980 ndo mfano ninaoupenda. Bendi ilishavunjika, jamaa hawaongei kabisa, lakini albamu wanadaiwa. Basi Glenn Frey anarekebisha sauti zake Los Angeles, Don Henley anarekebisha zake Miami, kanda zinasafirishwa kwa ndege kutoka huyu kwenda kwa yule, na ile kwaya tamu unayoisikia kana kwamba wamekumbatiana jukwaani ni ya watu ambao hawakutaka hata kukaa chumba kimoja. KISS nao na Alive! yao ya 1975 walikuja kukiri kwamba sehemu kubwa ilirudiwa studio. Thin Lizzy ndo mpaka leo ni kesi, Live and Dangerous ya 1978, prodyuza Tony Visconti alisema kama asilimia 75 ilirudiwa studio, upande wa bendi wakakataa wakasema kinyume chake, iliyorudiwa ni robo tu. Mi sijui nimwamini nani na nikiisikiliza sijali, ni tamu.

Ila usivuke ukaenda upande wa pili ukasema basi zote feki. Made in Japan ya Deep Purple, iliyorekodiwa Agosti 1972, wenyewe wanasema hawakuongeza chochote baadaye, na ukiisikiliza unaelewa kwa nini hawakuhitaji.

Halafu kuna kitu kimoja kinanichekesha kwenye huu ubishi. Sisi tunaosema "studio ni ya kuunga unga, laivu ndo kweli" tumekulia zilipendwa zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, pale barabara ya Pugu ambayo sasa ni Nyerere. Zile nyimbo za Msondo, Sikinde, Vijana Jazz, bendi nzima inaingia studio, waimbaji, solo, rizimu, besi, tumba, mabomba ya upepo, wote wanapiga kwa pamoja, akikosea mmoja mnaanza upya wote. Sasa niambie, kati ya hiyo na Eagles Live ipi ni laivu? Kwenye jalada ya kwetu haijaandikwa laivu, ya kwao imeandikwa.

"Nakala yako mbovu hiyo"

Hapa naungama dhambi. Nilipopata Live Killers mara ya kwanza, Freddie anaanza kuutambulisha wimbo wa Death on Two Legs, katikati ya maneno yakaingia mabip. Bip, bip, bip. Nikajua nimeuziwa faili bovu, nikaenda kugombana na kijana wa Kariakoo aliyeniwekea kwenye flashi, kijana wa watu akanipa nyingine bure, nayo bip. Kumbe ndo ilivyo! Wimbo ulikuwa unamsema mtu kwa maneno makali, yule jamaa kwenye utambulisho akaongeza chumvi, ikabidi maneno yafunikwe ili wasiburuzwe mahakamani. Yule kijana nilirudi kumwomba radhi na nikamnunulia soda.

The Who nao waliona mbali. Live at Leeds, iliyorekodiwa chuo kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970, ina mikwaruzo kwenye sauti, basi kwenye lebo ya santuri wakaandika kabisa kwamba hiyo mikwaruzo ni sawa, msirekebishe. Yaani walijua kuna fundi mahali ataikazania.

Na kabla hujalaumu albamu kagua kwanza vyombo vyako. Hedifoni za buku tano zikifa sikio moja, Made in Japan inakupotea nusu nzima, maana kinanda cha Jon Lord na gitaa la Ritchie Blackmore vimetengwa, kimoja huku kingine kule. Nilishawahi kukaa kwenye daladala kutoka Mwenge mpaka Posta nikiamini mpiga gitaa siku hiyo aligoma.

"Ni shoo ya siku moja"

Mara nyingi sio. Live Killers imeokotwa okotwa kwenye shoo za Ulaya kati ya Januari na Machi 1979. Made in Japan ni siku tatu, tarehe 15 na 16 Osaka, 17 Tokyo, nyimbo nyingi ni za tarehe 16 ila Smoke on the Water ni ya 15, na nyingine mbili za Tokyo. Wanachagua iliyokaa vizuri, mbona hata wewe ukipiga selfi kumi unaposti moja.

"Wanarefusha nyimbo kujaza santuri"

Made in Japan ni santuri mbili zenye nyimbo 7 tu. Saba! Space Truckin' ambayo studio haifiki dakika tano, humo ni kama dakika 20, imekula upande mzima. Mshikaji wangu hapo huwa anasema wizi, wanavuta muda.

Siku moja nimeifungulia kibarazani, akapita mzee jirani, tunamwita Mzee Besi kwa sababu zamani alipiga besi kwenye bendi ya dansi. Shikamoo mzee. Marahaba, hiyo nini umefungulia? Nikamvutia stuli ya plastiki akakaa. Ilikuwa kwenye Strange Kind of Woman, pale mwishoni ambapo Blackmore anapiga kipande kifupi cha gitaa na Ian Gillan anakiiga kwa mdomo, gitaa linapanda na yeye anapanda, gitaa linajikunja na yeye anajikunja, mpaka mwisho anatoa ukelele ambao hujui ni mtu au ni waya. Mzee akanipiga kofi la paja, "wanajibizana hao!" Hajui Kiingereza cha ule wimbo hata neno moja na wala hakuuliza maana yake.

Space Truckin' ilipoanza kupotelea mbali nikamuuliza, mzee, hii si wanavuta muda? Akasema sisi redioni tulipewa dakika zetu, wimbo unaisha. Ukumbini chemko likishaingia, yaani kile kipande cha kuchezesha watu, mpiga solo anawaangalia wachezaji, kama bado wanataka anageuka anatukonyeza, tunazunguka tena, na tena, mpaka jasho. Akaninyooshea kidole, "msikilize huyo mpiga dramu, anamsubiri mwenzie." Mimi hiyo albamu nilikuwa nayo miaka, sikuwahi kumsikiliza Ian Paice anavyosubiri. Sasa siwezi kuacha kumsikia, gitaa likisita na yeye anapunguza, likishika njia anaingia nalo.

Kwa hiyo sio kujaza. Japani ndo walioiomba hiyo albamu, na bendi walidhani itaishia huko huko Japani, hawakuwa hata na mpango nayo mkubwa.

"Hawa wazee sauti ilishaisha"

Nusu kweli nusu uonevu. Gillan kwenye Made in Japan alikuwa na miaka 26, ile shoo ya Tokyo ilibakiza siku mbili tu atimize 27, na Child in Time anayopiga kelele humo ni ya mapafu ya umri huo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliacha kuiimba jukwaani, na mi naona kaamua kiutu uzima. Bendi nyingi za zamani wakizeeka wanashusha kii ya gitaa kidogo ili mwimbaji afike, ukiweka rekodi ya zamani na mpya unasikia wimbo umekuwa mzito, ukadhani spika. Sio spika.

Lakini watu wanachosahau ni kwamba hata vijana walikwepa. Freddie alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, na kwenye shoo noti nyingi za juu anazozipiga studio alizishusha makusudi, akabadilisha njia, zile za juu kabisa mara nyingi unayemsikia ni Roger Taylor kule nyuma kwenye dramu. Ukisikiliza ukitegemea iwe kama ya studio utasema kachemka, wakati mtu ana shoo kesho na keshokutwa na koo ni moja.

"Anza na za studio kwanza"

Sio lazima. KISS albamu zao tatu za studio zilijikongoja tu, Alive! ndo ikawatoa. Peter Frampton hivyo hivyo, Frampton Comes Alive! ya 1976 ndo iliyomfanya staa. Anza popote.

"Queen walipiga Zanzibar, rekodi ipo imefichwa"

Jamani. Hii naisikia kila nikivuka na boti. Freddie kazaliwa Zanzibar kweli, tarehe 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, na familia ikahamia Uingereza 1964. Lakini Queen hawajawahi kupiga Zanzibar, wala Dar. Afrika waliyopiga na Freddie ni Sun City tu, kule Afrika Kusini, Oktoba 1984, wakati wa ubaguzi wa rangi na wasanii wakiwa wametakiwa wasiende, walilaumiwa sana kwa hilo, na chama cha wanamuziki Uingereza kikawapiga faini. Na Freddie sauti ilikata huko huko, shoo nyingine zikafutwa. Kwa hiyo kama kuna mtu anakuuzia rekodi ya Amaan, muulize na ya Mnazi Mmoja anauzaje.

"Makelele ya watu ni ya kubandika"

Yapo ya kubandika, hilo silifichi. Rolling Stones 1966, Got Live If You Want It!, nyimbo mbili ni za studio wakamwagia tu kelele za mashabiki juu. Ndo maana ukizisikiliza watu wanapiga kelele sawasawa mwanzo mpaka mwisho, kama mvua kwenye bati, hawapumui.

Mashabiki wa kweli wanapumua. Nenda Love of My Life kwenye Live Killers. Brian May peke yake na gitaa lisilo la umeme, Freddie anaanza, halafu anawaachia, na maelfu ya watu wanaimba wimbo mzima, wengine wako nyuma kidogo ya mapigo kwa sababu wako mbali na jukwaa, kuna mahali wanachelewa kuingia na yeye anawangoja. Na usiisikilize kwa shafo, yaani nyimbo zikiruka ruka bila mpangilio, nakuomba, hizi albamu nyimbo zimeshikana, Queen humo wana mfululizo wa nyimbo sita zinazopokezana bila kusimama, ukiweka shafo ni kama kufungua mlango wa ukumbi na kuufunga kila baada ya dakika mbili.

Siku nimeiweka hiyo usiku, sauti ya kawaida tu, mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba. Nikajua nimekwisha, nikawahi kupunguza. Akasema, "mwanangu, hiyo kwaya ya wapi?" Nikamwambia mama, hao si kwaya, ni watu tu walioenda kuangalia muziki. Hakuamini. Akasimama mlangoni na khanga yake begani mpaka ikaisha, akasema basi rudisha, sikuusikia mwanzo. Uniti zilikuwa zimebaki tatu na LUKU tunachangia, ila safari hii aliyeagiza ni yeye.