Betri ya moyo kwa kichanga: si lazima kifua kifunguliwe chote

Mzazi akiambiwa mwanawe anahitaji betri ya moyo, kile kifaa kinachoyaamsha mapigo yanapozubaa, mara nyingi hudhani hapana budi kifua kipasuliwe katikati. Hofu hiyo ina chanzo. Kwa mtu mzima, waya wa betri hiyo hupitishwa ndani ya mshipa wa damu karibu na mtulinga hadi moyoni. Mishipa ya kichanga ni myembamba mno. Waya unaweza kuiziba, na mtoto mwenyewe bado anakua. Kwa hiyo madaktari wamezoea kufungua kifua na kushona waya juu ya moyo.

Lakini si lazima iwe hivyo kila mara. Wapo wanaopitia tundu dogo chini ya ncha ya mfupa wa kidari, wakiongozwa na kamera nyembamba, na kuushikiza waya kwenye uso wa nje wa moyo. Betri yenyewe hulazwa tumboni, mahali penye nafasi. Kwa mtoto aliyekwisha kupasuliwa moyo, kazi hiyo huwa ngumu zaidi, kwani makovu huugandisha moyo na utando wake. Hilo muulizeni daktari waziwazi, kabla ya kutia saini.