Kanuni za kugawanyika: kujua kama namba kubwa itabakiza, bila kuigawanya

Tuchukue namba 582,417,396. Je, inagawanyika kwa 9 bila baki? Unaweza kuigawanya kwa njia ndefu, tarakimu baada ya tarakimu, ukiomba usikosee katikati. Au unaweza kujumlisha tarakimu zake: 5 + 8 + 2 + 4 + 1 + 7 + 3 + 9 + 6 = 45. Kwa kuwa 45 inagawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9. Kazi imekwisha, na jibu la mgawanyo wenyewe, ambalo ni 64,713,044, hukulihitaji hata kidogo.

Hesabu fupi ya namna hiyo ndiyo huitwa kanuni ya kugawanyika. Unazifanyia kazi tarakimu za namba ili ujue kama kigawo fulani kinaingia sawasawa, bila kutafuta kinaingia mara ngapi. Shuleni tunazipata kama orodha ya kukariri: kwa 2 tazama tarakimu ya mwisho, kwa 3 jumlisha tarakimu, kwa 5 tafuta 0 au 5. Mwanafunzi anazimeza, anafaulu mtihani, na baada ya miaka miwili hakumbuki kama kujumlisha kulikuwa kwa 3 au kwa 4. Inanisikitisha, kwa sababu sababu ya kanuni hizi ni nyepesi kuliko kanuni zenyewe, na mtoto wa darasa la sita anaimudu. Zote zinatoka katika jambo moja: namba tunaziandika kwa mamoja, makumi, mamia na maelfu. Ukijua kigawo chako kinabakiza nini katika 10, 100 na 1,000, kanuni unaitunga mwenyewe.

Tuanze na zile rahisi. 10 inagawanyika kwa 2 na kwa 5, kwa hiyo makumi, mamia na maelfu yote hayaleti baki lolote kwa vigawo hivyo. Kinachoweza kuleta baki ni mamoja tu, ndiyo maana tunatazama tarakimu ya mwisho. Kwa 4, 10 haitoshi lakini 100 inatosha, basi tunatazama tarakimu mbili za mwisho. Kwa 8 inatosha 1,000, basi tunatazama tatu. Namba yetu inaishia na 96, ambayo ni 4 mara 24, kwa hiyo inagawanyika kwa 4. Lakini inaishia na 396, na 396 ukiigawanya kwa 8 inabaki 4. Namba nzima nayo inabakiza 4 hiyo hiyo. Kalenda yetu inatumia kanuni hii: mwaka ukigawanyika kwa 4 huwa mrefu, isipokuwa ile ya mwisho wa karne, ambayo lazima igawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mwaka mrefu, ilhali 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa.

Sasa turudi kwenye 9, maana hapa pana utamu zaidi. 10 ni 9 na 1 juu yake. 100 ni 99 na 1. 1,000 ni 999 na 1. Kila nafasi, hata iwe kubwa kiasi gani, inabakiza 1 ileile ukiigawanya kwa 9. Chukua 582. Hiyo ni mamia 5, makumi 8 na mamoja 2. Mamia 5 ni 99 mara tano, halafu 5 inabaki. Makumi 8 ni 9 mara nane, halafu 8 inabaki. Weka pembeni zile 99 na zile 9, maana zinagawanyika zenyewe. Kilichobaki mkononi ni 5 + 8 + 2, yaani 15, na hizo ndizo tarakimu ulizoziona mwanzo. Kwa kuwa 9, 99 na 999 zinagawanyika kwa 3 pia, jumla hiyohiyo inatumika kwa 3. 15 inagawanyika kwa 3, basi 582 inagawanyika kwa 3. Kwa 9 haigawanyiki, na jumla inakuambia hata baki ni ngapi: 1 + 5 = 6. Hakika, 9 mara 64 ni 576, inabaki 6.

Jambo hilo la baki wengi hulipita, nalo ndilo lenye manufaa makubwa. Wanahisabati wa Kiarabu wa zama za kati walilitumia kuhakiki kuzidisha. Ukiambiwa 347 × 286 = 99,242, badala ya kurudia hesabu yote, tafuta baki za 9. 347 inatoa 14, yaani 5. 286 inatoa 16, yaani 7. 5 mara 7 ni 35, yaani 8. Jibu nalo, 99,242, lina jumla ya 26, yaani 8. Yanalingana. Yasingelingana, ungekuwa na uhakika kwamba kuna kosa. Yakilingana, uhakika si kamili: mtu akiandika 99,422 kwa bahati mbaya, jumla ya tarakimu ni ileile 26 na kosa linapita.

Udhaifu huo wahasibu wameugeuza kuwa chombo. Daftari likikataa kulingana, jambo mojawapo wanalofanya ni kuigawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, wanashuku kwamba kuna mtu amebadilishana tarakimu mbili. Shilingi 5,420 ikiandikwa 5,240, tofauti ni 180, yaani 9 mara 20. Namba zote mbili zina tarakimu zilezile, kwa hiyo zina baki moja kwa 9, na ukitoa moja kutoka nyingine baki hilo linafutika. Si ushahidi kamili, lakini unajua wapi pa kuanzia kutafuta, na kwa anayefunga hesabu saa za usiku hilo si dogo.

Kwa 11 hali inabadilika kidogo. 10 imepungukiwa na 1 ili iwe 11, 100 imezidi 99 kwa 1, 1,000 imepungukiwa na 1 ili iwe 1,001, na 99 na 1,001 zote zinagawanyika kwa 11. Kupungukiwa na kuzidi kunapishana. Basi tarakimu tunazijumlisha kwa kupishana pia. Katika 582,417,396, ukianzia kulia, tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea ni 6 + 3 + 1 + 2 + 5 = 17. Zilizosalia ni 9 + 7 + 4 + 8 = 28. Tofauti ni 11, kwa hiyo namba inagawanyika kwa 11. Tofauti ikiwa 0 pia inagawanyika.

Kitu hiki kilikaa kwenye majalada ya vitabu kwa miaka mingi. Hadi mwisho wa mwaka 2006, namba ya ISBN, ile inayotambulisha kila kitabu, ilikuwa na tarakimu kumi. Ya kwanza ilizidishwa kwa 10, ya pili kwa 9, hivyo hivyo hadi ya mwisho kwa 1, na jumla yote ilipaswa kugawanyika kwa 11. Karani akibadilishana tarakimu mbili zinazofuatana, jumla inasogea kwa tofauti ya tarakimu hizo, na tofauti hiyo haifiki 11 kamwe, kwa hiyo kosa linaonekana mara moja. Tangu 2007 zinatumika tarakimu kumi na tatu, zinazozidishwa kwa 1 na 3 kwa zamu, na jumla inatakiwa igawanyike kwa 10, kama kwenye mistari ya bei ya bidhaa dukani. Mfumo huo hauoni kila mbadilishano. Tarakimu mbili jirani zenye tofauti ya 5, kama 2 na 7, zikibadilishana nafasi, jumla inasogea kwa 10 kamili na mashine inakubali. Kwa upande huo, ule wa zamani ulikuwa mlinzi bora.

Namba 1,001 inastahili kuangaliwa tena, kwa sababu ni 7 × 11 × 13. Kwa pigo moja inatupa kanuni ya vigawo vitatu. Gawa namba yako katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupishana: 396 − 417 + 582 = 561. Namba ya mamilioni mia tano na zaidi imepungua ikawa 561, na baki zake hazikuguswa. 561 kwa 7 inabakiza 1. Kwa 13 inabakiza 2. Kwa 11 haibakizi kitu, kama tulivyokwisha kuona. Namba yako ikiwa na tarakimu thelathini, utajumlisha na kutoa mafungu kumi tu.

Kwa 7 iko pia njia ya kukata mkia. Tarakimu ya mwisho ikate, izidishe kwa 2, kisha toa kwenye kilichobaki. 2,359: kata 9, toa 18 kwenye 235, unapata 217. Kata 7, toa 14 kwenye 21, unapata 7. Basi 2,359 inagawanyika kwa 7. Inaonekana kama mazingaombwe hadi uone kinachofanyika kwa siri. Ulichotoa hasa ni 21 mara 9, yaani 189, na 21 ni kigawe cha 7, kwa hiyo hujaharibu chochote. 2,359 − 189 = 2,170. Mwisho pamekaa sifuri, na sifuri inaweza kukatwa kwa sababu 10 na 7 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1.

Badala ya kutoa 21 unaweza kuongeza 49. Hapo tarakimu ya mwisho inazidishwa kwa 5 na kujumlishwa: 235 + 45 = 280, halafu 28 + 0 = 28. Mwaka 2019 Chika Ofili, mvulana wa Kinigeria mwenye miaka 12 aliyekuwa akisoma London, aliigundua njia hii mwenyewe wakati wa likizo na habari zake zikaenea. Ilikuwa imeshajulikana kwa wanahisabati, lakini hakuna aliyemfundisha, na kwangu hilo ndilo la kupongezwa.

Wewe nawe unaweza kufanya alichofanya. Kwa kigawo chochote kinachoishia na 1, 3, 7 au 9, tafuta kigawe chake kinachoishia na 1 au 9. Kwa 17 kuna 51: kata mkia, uzidishe kwa 5, utoe. Kwa 13 kuna 39: uzidishe kwa 4, ujumlishe. Kwa 23 kuna 69: uzidishe kwa 7, ujumlishe. Angalizo moja tu: kukata mkia hujibu ndiyo au hapana, hakutoi baki. 72 kwa 7 hubakiza 2, lakini mkia unakupa 7 − 4 = 3. Ile sifuri uliyoikata imebadilisha baki. Ukitaka baki, rudi kwenye 1,001.

Blaise Pascal wa Ufaransa aliyaweka haya yote chini ya hoja moja mwaka 1654, akionyesha jinsi ya kutunga kanuni ya kigawo chochote kwa kufuata baki za 10, 100, 1,000 na kuendelea.

Kwa vigawo kama 24 watu huteleza mahali pamoja. Tuseme kikoba cha watu 24 kinavunjwa na kasha lina shilingi 7,418,520. Je, kila mmoja atapata sawa bila kubaki hata shilingi? 24 ni 3 × 8, basi pima kwa 3 na kwa 8. Jumla ya tarakimu ni 27, na 520 ni 8 mara 65. Zote zinakubali, na kila mtu anapata 309,105. Usipime kwa 4 na 6 kwa kuwa tu nazo zikizidishwa zinatoa 24. 36 inagawanyika kwa 4 na kwa 6, lakini kwa 24 haigawanyiki, kwa sababu 4 na 6 zinashirikiana 2 na umeihesabu mara mbili. Vigawo viwili unavyochagua lazima visiwe na kigawo cha shirika zaidi ya 1.

Kanuni hizi zinahitaji uwe na kigawo mkononi. Kukitafuta usichokijua ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 1644 Marin Mersenne alidai kwamba 2 ikizidishwa yenyewe mara 67, kisha ukatoa 1, unapata namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, lakini hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Ilikuwa mwaka 1903 Frank Nelson Cole alipovionyesha mbele ya wanahisabati wenzake huko Marekani: 193,707,721 na 761,838,257,287. Ukiviweka hivyo viwili mezani, kuvihakiki ni kuzidisha tu, na baki za 9 zitakusaidia: cha kwanza kinabakiza 1, cha pili kinabakiza 1, na zao lao, 147,573,952,589,676,412,927, linabakiza 1.