Usiniulize cc ngapi, niambie utainyanyuaje

Swali limerudi tena: "Fundi, nataka kutoka Dodoma hadi Mbeya kwa pikipiki, kwa kupitia Rungwa. Injini ya cc ngapi inatosha?" Kabla sijafungua mdomo muulizaji keshajijibu: kuanzia 650, chini ya hapo ni bodaboda. Jamani!

Kwenye mchanga wa njia hiyo cc hazikubebi, wewe ndiye unayezibeba. BMW R 1250 GS ina kilo 249 kabla hujafunga begi hata moja. Ongeza kilo 40 za mzigo, unakaribia magunia matatu ya mahindi yamelala ubavu, saa saba mchana, na wa kukusaidia yuko kijiji cha mbele. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina kama kilo 199, nayo si nyepesi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ilaze kwenye vumbi tanki likiwa limejaa, uinyanyue peke yako mara tatu mfululizo. Ya tatu ikikushinda, mrudishie mwenyewe.

Anayekwenda Singida, au Babati kwa kupitia Kondoa, yuko kwenye lami. Huyo achukue kubwa, sibishani naye. Upepo wa ubavu wa huku unaiyumbisha pikipiki nyepesi vibaya.

Gurudumu la mbele liwe inchi 21 au 19, la spoki. Rimu ya spoki ikipinda kwenye korongo fundi wa kijijini ataigonga na kuinyoosha. Ya spoti, isiyo na spoki, ikipasuka, safari imeishia hapo. Saizi ya tairi la nyuma iulizie kwanza madukani mjini. Tyubu ya saizi jirani unaweza kuilazimisha ikufikishe, tairi hailazimishwi.

Sasa shokapu, ambayo hakuna anayeiuliza. Mtu ananunua pikipiki ya milioni kadhaa, anafunga kerea inayochomoza nyuma ya taa, anapakia dumu la lita 20, halafu analalamika usukani unatetemeka. Lazima utetemeke: uzito wote umepita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linaelea. Pima hivi. Inua gurudumu la nyuma lisiguse chini, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi, wima juu yake. Ishushe, panda na mzigo wako wote, mwenzako apime tena. Tofauti iwe kama theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma, kutoka chini hadi juu. Yenye mwendo wa milimita 200 izame 60 hadi 70. Ikizama 100, kaza springi. Ukikaza hadi mwisho na bado inazama, springi ni laini kwako: punguza mzigo au badilisha springi. Usiniletee habari ya oili nzito, oili haibebi uzito. Dumu lifungwe chini, mbele ya ekseli, hata kama linakera magoti.

Baada ya hapo rudia kupima cheni ukiwa umepanda. Shokapu ikizama, ekseli ya nyuma, pini ya swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na shafti ya sproketi ya mbele vinakaribia kunyooka mstari mmoja, na hapo ndipo cheni inakaza kuliko popote. Iliyoonekana sawa kwenye stendi inaweza kuwa inaikaba beringi ya giaboksi njia nzima.

Mafuta: jaza hadi shingoni, tembea kilomita 100 na mzigo, jaza tena, soma lita. Kwenye njia hiyo ya Rungwa, Itigi hadi Makongolosi ni zaidi ya kilomita 300, na kwenye mchanga hesabu ya lami haifai, ongeza theluthi.

Ninapositasita ni kwenye upepo wa tairi. Kupunguza hadi psi 20 kunasaidia sana mchangani, lakini tairi ya tyubu huteleza juu ya rimu na kung'oa valvu. Mara nyingine naona heri kuhangaika na tairi ngumu. Ukipunguza, itazame valvu kila ukisimama: ikianza kuinama, toa upepo wote, irudishe tairi mahali pake, ujaze.

Na mwenye pikipiki ya cc 150 anayeogopa mlima wa Nyang'oro akielekea Iringa, atoe sproketi ya mbele ya meno 14 aweke ya 13. Spidi ya juu itapungua kidogo, injini italia zaidi kwenye lami. Ya zamani usiitupe, itie kwenye begi pamoja na spana yake.